Shuleni niliongoza kwa Kifaransa, chuoni sifungui mdomo

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Niko mwaka wa kwanza chuo kikuu, nasomea shahada ya Kifaransa. Chuo kiko mbali na nyumbani na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuishi mahali nisipomjua mtu. Shuleni nilisoma Kifaransa miaka minne, vipindi vitatu vya dakika 40 kwa wiki, na matokeo yangu yalikuwa ya juu kabisa. Kozi hii niliichagua bila kusita.

Huku mambo yamegeuka. Mihadhara yote ni kwa Kifaransa. Mhadhiri akianza, dakika mbili za kwanza nashika, baada ya hapo maneno yote yanakuwa neno moja refu lisilo na mwisho. Nikipewa yaleyale kwa maandishi nayaelewa karibu yote. Wapo wenzangu sita waliokulia mahali Kifaransa kinapozungumzwa. Hao ndio wanaojibu maswali, mimi naandika tu. Nikiulizwa, hadi nimalize kupanga sentensi kichwani swali limeshahamia kwa mwingine. Juzi niliulizwa nikasema "pardon" (samahani), mhadhiri akarudia vilevile, nikasema "pardon" tena, akanipita. Tangu hapo nakaa nyuma.

Si kwamba nimekaa tu. Nahifadhi maneno mapya 40 kila siku, ingawa siku hizi naona nasahau hata yale ya zamani. Kila usiku natazama filamu ya Kifaransa yenye maandishi ya Kiswahili. Insha naandika kwa Kiswahili kwanza, halafu naipitisha kwenye programu ya kutafsiri, na alama zake si mbaya. Mtihani wa mazungumzo uko wiki ya 14, na sasa tuko wiki ya 6.

Jioni ndiyo ngumu zaidi. Napiga simu nyumbani kila siku, saa nzima au zaidi, na nikikata nalia. Baba huniuliza, "Sasa Kifaransa unakimwaga?" Namjibu ndiyo. Mwenzangu wa chumbani anasema niache kabisa kuongea Kiswahili mpaka nizoee. Mwingine anasema nihame kozi mapema. Je, sina kipaji cha lugha? Nihame?

Mkimya wa Safu ya Nyuma

*

Marahaba, mdogo wangu.

Usihame sasa. Kesho pita ofisi ya idara uulize mambo mawili tu: tarehe ya mwisho ya kubadili kozi ni ipi, na je, lipo kundi la mazoezi ya kusikiliza la ngazi ya chini kidogo unaloweza kujiunga nalo bila kupoteza alama za muhula. Ukishaiandika tarehe hiyo mahali, acha kulifikiria suala la kuhama kila usiku. Litakuwa na siku yake.

Katika barua yako kuna sentensi moja iliyobeba tatizo zima: ukipewa yaleyale kwa maandishi unayaelewa. Asiyejua Kifaransa hawezi kusema hivyo. Kifaransa unacho, ila umekipata kwa macho, na masikio yako hayajapewa muda wao. Kipaji hakihusiki hapa.

Tupige hesabu. Vipindi vitatu vya dakika 40 ni saa 2 kwa wiki. Hata tukihesabu wiki 36 za masomo kwa mwaka, miaka minne ni saa 288. Humo ndani toa muda wa kueleza sarufi kwa lugha mliyoielewa, muda wa kunakili ubaoni, muda wa kusikiliza wenzako wakisoma. Kifaransa kilichotoka mdomoni mwa mtu anayekisema kwa kasi yake ya kawaida kilikuwa sehemu ndogo sana ya saa hizo. Kwenye ngazi sita za Ulaya za kupima ujuzi wa lugha, A1 hadi C2, kufuata mihadhara kwa kawaida huhitaji B2, ngazi ya nne, na makadirio yanayotumiwa mara nyingi na wanaofundisha Kifaransa ni saa 600 hivi za masomo kufika hapo. Wenzako sita walishapita maelfu ya saa kabla hawajajaza fomu ya chuo. Kujipima nao wiki ya sita ni kujidhulumu.

Sasa, kwa nini hasa maneno yanaungana? Kiswahili kimelizoesha sikio lako kutegemea alama moja: mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukiusikia unajua neno linakaribia kuisha. Kifaransa hakikupi alama hiyo. Mkazo wake huangukia silabi ya mwisho ya kundi zima la maneno, na ndani ya kundi konsonanti ya mwisho ya neno moja huhamia kwenye neno linalofuata likianza na irabu. Chukua *elle habite avec une amie*, anaishi na rafiki yake wa kike. Machoni ni maneno matano. Masikioni ni silabi nane mfululizo, e-la-bi-ta-ve-kü-na-mi (hiyo ü ni ile u yao ya midomo ya mviringo), na hakuna hata mpaka mmoja wa silabi unaolingana na mpaka wa neno. Sikio linalosubiri mkazo wa Kiswahili litakata mahali pasipo. Ongeza kwamba mazungumzo ya kawaida humeza vipande: *je ne sais pas*, sijui, hutoka kama "shepa", *il y a*, kuna, hubaki "ya". Hayo hayakuwa kwenye kitabu chako cha shule.

Dawa ya hili ni imla, lakini si ile ya kuandika ukurasa mzima. Chagua rekodi ya dakika moja yenye maandishi yake kamili. Radio France Internationale ina taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi iliyoandaliwa kwa wanaojifunza, inafaa kuanzia. Sikiliza dakika hiyo yote mara moja bila kalamu. Kisha anza upya, simamisha kila kundi la maneno linapoisha, sekunde tatu hadi tano, uandike ulichosikia. Usichokipata kiachie nafasi. Kipande kimoja usikirudie zaidi ya mara tano, maana baada ya hapo unabahatisha, husikilizi. Ukimaliza fungua maandishi, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, na kila kosa lipe herufi: N kwa neno usilolijua, S kwa neno unalolijua lakini hukulisikia, U kwa kosa la tahajia au upatanisho.

Hizo S ndizo dhahabu yako. N utazipunguza kwa msamiati, U kwa kusoma sarufi, lakini S ndiyo inayokunyamazisha darasani. Kila S rudi kwenye sekunde yake, isikilize huku ukiitazama kwa maandishi mpaka usikie kweli jinsi ilivyotamkwa, kisha itamke vilevile. Mwisho fuata rekodi nzima kwa sauti mara tatu, ukiwa nyuma ya msemaji kwa nusu sekunde, bila kusimama hata ukikosea. Kazi yote ni dakika 30 hadi 35. Ifanye asubuhi kichwa kikiwa kipya, siku sita kwa wiki, na kabla ya kuanza kipande cha leo sikiliza cha jana mara moja bila karatasi.

Wengi hushindwa kwa sababu mbili. Wanachukua rekodi ya dakika tano, wanachoka siku ya tatu, wanaacha. Au wanang'ang'ania rekodi za polepole mno, sikio linazoea mwendo ambao hakuna anayeutumia. Kipimo kizuri ni hiki: unapata kama maneno saba kati ya kumi mara ya kwanza. Ukipata chini ya nusu, shusha ugumu. Ukipata tisa, panda.

Matamshi yako nayo yanasaidia kusikia, kwa sababu sauti ambayo mdomo wako hauitengenezi, sikio huiweka kwenye kapu la sauti iliyo karibu. Kiswahili kina irabu tano, Kifaransa kina zaidi ya mara mbili ya hizo. Anza na jozi moja: *dessus* ni juu, *dessous* ni chini. Kama kwako zote zinasikika "desu", hutajua kitabu kiko wapi. Kupata ile ya *dessus*, sema "i" ndefu, shikilia ulimi palepale, halafu kusanya midomo kana kwamba unasema "u". Ulimi ukirudi nyuma umeipoteza. Jirekodi kwa simu ukisema jozi hiyo mara kumi bila mpangilio, kesho yake sikiliza uone kama unaweza kuzitofautisha wewe mwenyewe. Na wakati mwingine Kiswahili kinakubeba. *Ils ont*, wana, hutamkwa kwa z. *Ils sont*, wapo au ni, hutamkwa kwa s. Z na s unazo tangu utotoni, kinachotakiwa ni kujua tu kwamba hapo ndipo pa kusikiliza.

Kuhusu maneno 40 kwa siku, acha leo. Neno likirudiwa siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 16 na ya 35, linakutembelea mara tano. Mwenye kuongeza maneno 40 kila siku, ikifika wiki ya sita anadaiwa marudio 200 kila siku, mbali na mapya. Wewe uko wiki ya sita. Ndiyo maana hata ya zamani yanatoroka: huwezi kuyarudia yote, na yasiyorudiwa hufutika. Wiki hii usiongeze neno lolote, rudia tu. Kisha endelea na 10 kwa siku, yaani marudio 50, kazi ya robo saa. Kila nomino iandike na *un* (ya kiume) au *une* (ya kike), usiiandike na *le* au *la*, kwa sababu mbele ya irabu hivyo viwili huwa *l'* na jinsia inapotea. *L'école* (shule) na *l'arbre* (mti) hazikwambii kitu, *une école* na *un arbre* zinasema. Wewe uliyekulia kwenye ngeli unajua kwamba nomino bila upatanisho wake haijakamilika. Na kila neno lisikie kabla ya kuliandika kwenye kadi.

Filamu ya usiku ibaki kama starehe, usiihesabu kuwa masomo. Macho yakisoma Kiswahili, masikio hulala. Ukitaka ikufae, chukua dakika kumi tu za filamu uliyokwisha kuiona, weka maandishi ya Kifaransa, kisha rudia dakika hizohizo bila maandishi.

Insha nitakuwa mkali kidogo. Alama unazopata kwa njia hiyo si zako, na mbaya zaidi zinamficha mhadhiri hali yako. Zoezi la kutafuta neno na kupanga sentensi, ambalo ndilo unalolihitaji ukiulizwa swali, umeliachia programu. Huenda pia chuo chako kinaikataza, kwa hiyo soma kanuni zenu. Andika mwenyewe maneno 150 moja kwa moja kwa Kifaransa, kwa sentensi fupi. Palipokushinda andika kwa njia nyingine, hata ikiwa nyepesi. Alama zitashuka wiki mbili tatu. Ziache zishuke.

Darasani rudi safu ya pili. Nyuma unapoteza midomo ya mhadhiri, na midomo humsaidia sana kusikia anayejifunza. Kabla ya mhadhara soma kurasa zake, uandae swali moja kamili kwa maandishi, na uliulize ndani ya dakika 15 za kwanza. Ukishasikia sauti yako mara moja, ya pili haiwi nzito vile. Halafu lile "pardon" liache. Neno hilo halimwambii mhadhiri umekwama wapi, ndiyo maana alirudia vilevile. Taja mahali: *Après « parce que », vous avez dit quoi ?* (Baada ya "kwa sababu", umesema nini?) Au rudisha ulichopata: *Si j'ai bien compris, l'auteur refuse… c'est ça ?* (Kama nimeelewa vizuri, mwandishi anakataa… ndivyo?) Na ukiulizwa, usisubiri sentensi ikamilike kichwani. Anza na kipande ulicho nacho, ukikwama sema *je cherche le mot* (natafuta neno), kisha zunguka: *c'est la chose qui…* (ni kitu ambacho…) Mtahini anayesikia mtu akitafuta njia humpa alama. Kimya hakipimiki.

Wale wenzako sita wanaokutisha wana shida ambayo huijui bado. Waliokipata Kifaransa kwa masikio mara nyingi husumbuka na tahajia na upatanisho, kwa sababu *il parle* (anazungumza) na *ils parlent* (wanazungumza) kwao ni sauti moja, na masahihisho ya insha huwaumiza. Hapo ndipo wewe ni hodari. Mwendee mmoja, mwambie wazi: nikusahihishie insha dakika 20, uzungumze nami Kifaransa dakika 20, mara mbili kwa wiki, siku maalumu. Mkubaliane asikukatize kwa kila kosa, akuandikie matatu tu akupe mwishoni. Mpango huu unafanya kazi kuliko klabu ya mazungumzo ya watu thelathini, maana huko watano huongea na wengine husikiliza. Na utakuwa umepata mtu wa kukusalimia ukumbini.

Mwenzako wa chumbani anakutakia mema, ila ushauri wake siukubali. Kusikiliza lugha ngeni kutwa kunachosha kichwa hasa, na uchovu huo wengi huuita ujinga. Jioni kuongea Kiswahili ni kupumzika, usilione kosa. Tena hapo ulipo huna mtu mwingine wa kusema naye kwa moyo wote, ukijinyima na hilo utabaki na nini?

Simu ya nyumbani ndiyo ningeipunguza, bila kuikata. Saa nzima kila jioni inakukuta ukiwa umechoka kupita kiasi, na ndiyo saa ambayo wengine bwenini wanafahamiana. Panga siku tatu kwa wiki, dakika 30, na upige kabla ya chakula cha jioni ili baada ya kukata uwe na pa kwenda na watu wa kukaa nao. Siku nyingine tuma ujumbe wa sauti. Upweke wa mwaka wa kwanza mara nyingi huwa mzito wiki za mwanzo, na hurudi tena baada ya likizo ya kwanza, kwa hiyo ukirudi kutoka nyumbani ukajisikia umeanza upya, usishtuke. Lakini kama umekosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili mfululizo, au unashindwa kutoka chumbani kwenda darasani, nenda kwa mshauri nasaha wa chuo wiki hiyohiyo. Hilo halisubiri mtihani.

Kwa mtihani, anza maandalizi wiki ya 9. Chukua mada moja uliyoisoma darasani, iseme kwa dakika 4 bila karatasi. Iseme tena kwa dakika 3, kisha kwa dakika 2, maudhui yaleyale, ikiwezekana kila mara kwa msikilizaji mwingine. Mara ya tatu maneno hutoka yenyewe kwa sababu kichwa hakihangaiki tena na la kusema. Mada mbili kwa wiki, na kabla ya wiki ya 14 utakuwa na kumi. Usizikariri neno kwa neno. Mtahini hukatiza, na aliyekariri akikatizwa hupotea kabisa.

Wiki ya 10, au mapema zaidi kama tarehe ya kuhama inakubana, chukua karatasi zako za imla, za kwanza na za mwisho, uende nazo kwa mhadhiri saa zake za ofisi. Usimwambie "sielewi", mwonyeshe. Hesabu za S kwa kila dakika zitamwambia zaidi kuliko machozi. Zikiwa zimeshuka, endelea. Zikiwa palepale baada ya wiki nne za kazi ya kweli, pima masikio hospitalini kwanza (watu husahau), kisha ombeni pamoja kundi la chini. Na ukigundua kwamba hata unapoelewa vizuri, vitabu na mambo yanayosomwa kwenye kozi hii hayakuvutii, hiyo ni sababu halali ya kuhama, na ukihama kwa sababu hiyo hutajuta.

Baba naye mwambie kweli kwenye simu ijayo. Mwambie kusoma na kuandika unaendelea vizuri, kusikiliza ndiko kunakokusumbua, na kwamba una mpango hadi wiki ya 14. Mzazi anayeuliza kila siku mara nyingi anatafuta tu jambo la kuulizia, na sasa utakuwa umempa.